Kwenye simu yangu duka ni la kwanza, kwa mteja halipo

Swali

Habari za kazi, kaka. Nashona na kuuza sare za shule Ngamiani hapa Tanga, mwaka wa tisa sasa. Nikiwa dukani nikaandika "sare za shule" kwenye Google, natokea wa kwanza. Lakini mama mmoja mteja wangu, anakaa Raskazone, ameniambia alitafuta kwa simu yake akaletewa maduka matatu na langu halimo. Moja kati ya hayo limefunguliwa mwaka jana tu! Juzi akaja kijana, anasema nimpe laki tatu na namba ya siri ya akaunti yangu, atanifanya niwe wa kwanza Tanga nzima na ataniwekea nyota tano hamsini. Januari hiyo inakuja na ndio msimu wangu wa mwaka. Nimpe? Na hii Google inatumia nini kuamua nani aonekane na nani asionekane?
Fundi wa sare, Tanga

Jibu

Dada, usimpe. Si hela, si namba ya siri. Google imeandika waziwazi kwenye mwongozo wake kwa wenye biashara kwamba hakuna njia ya kuomba wala kulipia nafasi nzuri zaidi kwenye matokeo ya biashara za karibu. Kinacholipiwa ni tangazo, na tangazo huwekewa alama ya kuonyesha kwamba limelipiwa. Kijana huyo anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Zile nyota hamsini nitazirudia, kwa sababu zinanitia hofu kuliko hizo laki tatu.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikae chini niandike kirefu, na nusu ya jibu lake umeiandika mwenyewe: "nikiwa dukani". Hapo ndipo mambo yote yalipo. Hakuna orodha moja ya Tanga nzima ambayo wewe uko juu au chini. Kila anayetafuta anapangiwa orodha yake, palepale, kutokana na alipo. Shuka pale stendi ya Kange umuulize bodaboda wapi wanauza sare, atakutajia duka analolijua na lililo karibu. Muulize mwingine Makorora, atakutajia jingine. Wote wawili wamekujibu kweli. Wewe ukitafuta ukiwa umekaa nyuma ya cherehani yako, umeuliza swali ukiwa mita sifuri kutoka kwenye jibu, na simu inakujibu kadiri ilivyoona. Mama wa Raskazone ameuliza akiwa kilomita kadhaa, na katikati yenu kuna maduka mengine.

Simu hujua alipo mtu kwa kipokezi chake cha setilaiti, kwa mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani, na kama hivyo vimezimwa, kwa anwani ya intaneti aliyopewa na kampuni ya simu. Hiyo ya mwisho haina uhakika: mtu yuko Tanga lakini mtandao unaweza kumhesabu yuko Dar es Salaam. Ukishuka mpaka chini kabisa ya ukurasa wa matokeo ya Google utaona pameandikwa mahali inapodhani upo. Paangalie siku moja. Na kufungua dirisha fiche (incognito) hakuondoi hilo. Kunaficha historia yako, eneo linabaki palepale.

Sasa inaamua vipi? Google yenyewe inataja mambo matatu: biashara inaendana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Hayo matatu hupimwa kwa pamoja. Duka la mbali kidogo linaloendana zaidi na neno lililoandikwa linaweza kulipita la karibu. Uzito wa kila kimoja hautangazwi, na hubadilika. Kati ya tarehe 30 Novemba na 8 Desemba 2021, Google ilifanya marekebisho ambayo iliyathibitisha, na tuliokuwa tukifuatilia tuliona umbali umeongezewa nguvu: maduka yaliyokuwa yakionekana mji mzima yakaanza kuonekana mitaa ya karibu tu. Kisha kuna suala la nafasi zenyewe. Mpaka Agosti 2015 kile kisanduku chenye ramani kilikuwa kikionyesha majina saba. Tangu hapo ni matatu. Kwa hiyo aliye wa nne hajawa mbaya, amekosa kiti tu, na mteja asipobonyeza kuona zaidi hatajua kwamba yupo.

Umbali ndio usioweza kuusogeza. Raskazone itabaki ilipo na Ngamiani itabaki ilipo. Ila unaweza kuhakikisha Google haikosei mahali ulipo, na kwetu inakosea sana, kwa sababu sisi wenyewe tumezoea kuandika anwani ambazo si mahali. "S.L.P. fulani, Tanga" ni sanduku lililoko posta; Google hailikubali kuwa eneo la biashara. Andika barabara na namba ya nyumba. Tangu ile Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 mitaa na nyumba nyingi zimepata majina na namba, tumia hiyo. Na Ngamiani mna bahati, barabara zenu zina namba toka enzi, ya 1 mpaka ya 21, kila mtu mjini anazijua. Kisha ingia kwenye ramani uiburute pini, ile alama ya mahali duka lilipo, kwa mkono mpaka ikae juu ya paa la duka lako. Usiridhike na pale ilipojiweka. Mimi humpa bodaboda asiyenijua simu yenye ramani nimwambie, fuata hii, usiniulize. Akisimama mlango wa pili, pini haijakaa.

Ukigusa pini yako utaona pia msimbo mfupi wa herufi na tarakimu wenye alama ya kujumlisha katikati. Huo ndio Plus Code. Ukiwa kamili wa tarakimu kumi unataja kipande cha ardhi cha takriban mita 14 kwa 14, hata kama mtaa hauna jina. Unafaa kuuandika kwenye risiti na kwenye WhatsApp yako kwa mzazi anayetoka Muheza au Pangani asiyejua barabara za mjini.

Jambo moja kuhusu umbali watu hawalijui. Mtu akitaja mahali kwenye maneno yake, Google hupima kutoka hapo alipopataja. Mzazi aliyeko Dar es Salaam ambaye mwanawe amepangiwa shule Tanga ataandika "sare za shule Tanga", na huyo hapimwi kutoka alipokaa. Kwake wewe na duka lililo karibu na Raskazone mnaanza karibu sawa. Huyo ndiye mteja ambaye unaweza kumpata kwa kazi ninayokueleza hapa chini, na kwa msimu wa Januari ni mteja mkubwa.

Tuje kwenye kuendana. Hapa ndipo ninapoona wafanyabiashara wetu wakipoteza zaidi, na ndipo duka la mwaka jana linapoweza kukupita bila ujanja wowote. Fungua wasifu wako wa biashara, yaani ule ukurasa wa duka lako ndani ya Google (Google Business Profile), uangalie aina kuu uliyochagua. Wengi wa mafundi niliowahi kuwasaidia wameandika "duka la nguo" kwa sababu ndilo neno la kwanza lililowajia. Ukijiita duka la nguo, unashindana na kila anayeuza madira na mitumba mjini, na anayetafuta sare Google haioni sababu ya kukupendelea. Kuna aina ya duka la sare. Hiyo iwe aina kuu. Ushonaji uwe aina ya ziada. Aina kuu ndiyo yenye uzito, za ziada zinasaidia. Usijaze kumi ukidhani utavua kila samaki.

Jina nalo liwe lilelile lililo kwenye kibao chako mlangoni. Najua umeona watu wameandika "Fulani Sare za Shule Tanga Bei Nafuu Jumla na Rejareja". Nakiri kwamba maneno hayo kwenye jina huwa yanawapandisha. Lakini ni kinyume cha kanuni za Google, na yeyote anaweza kulipendekezea marekebisho jina hilo kwenye ramani, pamoja na wewe. Wakirekebishiwa, wanashuka. Wakizidi, wasifu unasimamishwa. Sitaki hilo likukute wiki ya kwanza ya Januari.

Kuhusu saa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili ni letu peke yetu na sijaona mwongozo wowote wa nje unaolitaja. Nilimsaidia mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki Morogoro aliyekuwa akilalamika kwamba simu za wateja zinakatika mchana. Nikafungua wasifu wake: anafungua 2:00, anafunga 12:00. Mzee alikuwa ameandika saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, kama anavyosema kila siku ya maisha yake. Fomu ikasoma saa nane za usiku mpaka saa sita za mchana. Kila siku kuanzia adhuhuri duka lake lilikuwa na maandishi mekundu kwamba limefungwa, na yeye yumo ndani anasubiri wateja. Saa mbili asubuhi andika 8:00, saa kumi na mbili jioni andika 18:00, au 6:00 PM kama fomu ndivyo inavyotaka. Hili halimkatishi tamaa mteja tu. Mwishoni mwa 2023 Google ilithibitisha kwamba biashara kuwa wazi wakati mtu anatafuta ni jambo ililokuwa ikilitazama siku nyingi, na kwamba imeliongezea uzito kwa wanaotafuta aina ya biashara badala ya jina la duka fulani. Wazazi wenye kazi za ofisini wanatoka saa tisa na nusu. Wakati huo ndio wanaoshika simu. Ukiwa "umefungwa" kwa sababu ya kuandika saa vibaya, umejifungia nje ya msimu. Na usikimbilie kuandika kwamba uko wazi saa 24; mtu akija usiku akakuta kufuli, atakuandikia hivyo mbele ya watu wote.

Nilitaka pia nikuulize: huo wasifu ni wako kweli? Duka linaweza kuwa kwenye ramani bila mwenyewe kuliweka. Mteja au mpita njia alilipachika. Ukiona chini ya jina swali linalouliza kama biashara hiyo ni yako, basi haina mwenyewe bado. Ichukue. Siku hizi uthibitisho mara nyingi ni kwa video: unarekodi barabara na majirani, kibao chako, cherehani na sare zilivyotundikwa, na kitu cha kuonyesha wewe ndiye mwenye mamlaka, kwa mfano ukifungua kufuli la mlango kwa ufunguo wako. Chukua video moja bila kukata. Akaunti iwe yako, kwa barua pepe yako. Mtu akikusaidia kazi, mpe nafasi ya msimamizi, umiliki usimpe. Nimeona fundi aliyemkabidhi mtu umiliki, wakakosana, na maoni ya miaka mitano yakaondoka na yule mtu. Ndiyo maana neno "namba ya siri" kwenye barua yako lilinishtua.

Sasa la kujulikana, ambalo naona ndilo lililokuuma: iweje aliyefungua mwaka jana anipite mimi wa miaka tisa? Dada, miaka tisa yako iko midomoni mwa watu. Iko kwa mama anayemwambia jirani yake, nenda kwa yule wa Ngamiani, mshono wake haufumuki. Mashine ya kutafuta haisikii hayo. Inasoma. Inahesabu maoni na nyota, inaangalia tovuti na kurasa zinazokutaja, inalinganisha jina na namba yako ya simu hapa na pale. Yule wa mwaka jana huenda ana maoni thelathini yaliyoandikwa na wewe una manne. Kazi yako si kupata sifa mpya. Unazo. Kazi ni kuzihamisha kutoka mdomoni ziandikwe.

Na wakati wa kuziomba ni mmoja, pale mtoto anapojaribu sare na mama yake anatabasamu. Wasifu wako una kiungo cha kuombea maoni. Kitume WhatsApp hapohapo, au kichapishe kwenye karatasi kama msimbo wa QR ubandike karibu na kioo. Mwambie, mama, ukipata dakika niandikie ulivyoiona kazi, kwa maneno yako. Usimwambie aandike nini, usimpe punguzo kwa ajili hiyo, na usiwachague wale waliofurahi tu ukawaacha walionuna; yote matatu yamekatazwa. Waandike Kiswahili, waandike wanavyosema. Mmoja ataandika sweta, mwingine nembo imedariziwa vizuri, mwingine sketi za marinda. Mtu akitafuta "sweta za shule", Google inaweza kuonyesha chini ya jina lako kipande cha maoni kinachotaja neno hilo. Hakuna maelezo utakayojiandikia mwenyewe yatakayofanya kazi hiyo. Wajibu wote, hata wa malalamiko, kwa adabu ileile unayowajibu dukani.

Ndiyo maana hizo nyota hamsini za kijana zinanitisha. Google ilisema kwamba mwaka 2023 ilizuia au kuondoa maoni zaidi ya milioni 170 yaliyokiuka kanuni zake, na wasifu bandia wa biashara zaidi ya milioni 12. Maoni hamsini kwa wiki moja, kutoka akaunti ambazo hazijawahi kufika Tanga, kwa duka lililokuwa likipata mawili kwa mwaka, yanajionyesha yenyewe. Yakifutwa, mara nyingine na ya kweli yanabebwa humo humo, na wasifu unaweza kuzuiwa kupokea maoni mapya kwa muda. Utakuwa umelipa laki tatu ili maoni ya yule mama wa Raskazone yasipokelewe.

Nje ya Google yenyewe, yapo mambo mawili yenye faida kwa biashara yako. Kama una shule unazoshonea, muombe mwalimu mkuu au anayeshughulikia ukurasa wao akutaje kwenye orodha ya mahitaji ya wanafunzi: jina la duka, barabara, namba. Kutajwa na shule ya palepale mjini kuna maana kuliko kuorodheshwa kwenye saraka kumi za mtandaoni ambazo hakuna anayezifungua. La pili, kama uliwahi kuwa na ile tovuti ya bure iliyotengenezwa ndani ya wasifu wa Google, ilizimwa Machi 2024. Kama bado unachapisha anwani yake kwenye kadi, mteja anafika ukutani. Weka hata ukurasa wa Facebook, ila jina, namba na saa viwe vilevile kila mahali. Wenye iPhone wanaotumia ramani za Apple unaweza kuwafikia bure kupitia huduma ya Apple kwa wenye biashara, iliyoanzishwa Januari 2023 kwa jina la Apple Business Connect. Hiyo ifanye baadaye, msimu ukipita.

Kuna jambo nililiacha nyuma: je, kwenye jengo lako au mlango wa pili kuna fundi mwingine mwenye aina ileile ya biashara? Tangu Septemba 2016 tumeona Google ikiwachuja wanaofanana na walio mahali pamoja, inaonyesha mmoja na kumficha mwingine mpaka mtu aivute ramani karibu. Hiyo si adhabu, na dawa yake ni kujitofautisha kwa ukweli. Kama jirani anauza zilizoshonwa tayari na wewe unapima na kushona, wasifu wako uonyeshe hivyo, na picha zionyeshe mezani unakata kitambaa. Usifungue "tawi" nyumbani kwa ndugu yako Raskazone ili uonekane kule. Mahali pasipo na kibao wala mtu wa kumhudumia mteja si duka, na pini ya namna hiyo ikigundulika inaweza kuondoka na wasifu wako halisi.

Jumamosi hii fanya hivi. Rekebisha saa kwanza, kisha aina kuu, kisha pini, kwa mpangilio huo. Halafu mwombe mama wa Raskazone, na mtu mwingine mmoja aliyeko Kange, watafute pamoja nawe saa tano asubuhi, neno lilelile, wapige picha ya kioo cha simu. Ziandike kwenye daftari, majina matatu ya kila mtaa. Baada ya wiki nne rudieni. Raskazone usitegemee sana. Ukiona jina lako limeanza kutokea kwa wa Kange, au kwa ndugu aliyeko Dar anayeandika na neno Tanga, kazi inakwenda. Na kabla hujawaambia watafute neno gani, waulize kila mmoja angeandika nini yeye mwenyewe kama anataka kumnunulia mtoto sare. Mmoja anaweza kukwambia "yunifomu". Mwingine atakwambia "fundi cherehani". Hayo ndiyo maneno ya kuyatafuta hiyo Jumamosi, si yale unayoyapenda wewe.